Wino kwenye shati, mtandio na karatasi: tupeane uzoefu

Mama wa Kihonda
Wadau, habari za jioni. Mwanangu yuko kidato cha pili. Ijumaa karudi na shati jeupe lina doa la buluu pana kama kiganja changu. Peni ilimvujia mfukoni asubuhi, akakaa nalo hadi jioni, sasa limekauka.

Naogopa kuligusa kwa sababu mwaka juzi niliharibu shati la dada yake. Nililiroweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi, doa likatanuka. Nikamwagia jik. Kitambaa kilikuwa pamba iliyochanganywa na poliesta, kikageuka manjano na doa likabaki palepale, zambarau iliyopauka. Alikuwa na mashati mawili tu. Wiki nzima akaenda shule amevaa sweta juani hapa Morogoro, na mpaka leo linaniuma.

Naomba aliyewahi kutoa wino aeleze: ulikuwa wino gani, kitambaa gani, ulifanyaje. Si "nilisikia", bali ulichofanya kwa mikono yako.

Dobi wa Ilala
Dada, pole. Usilitie maji kwanza. Kazi hii nina miaka 19 nayo, na mashati ya wanafunzi na makarani ndiyo yanayonijia zaidi.

Wino wa peni ya kawaida una mafuta, ndiyo maana maji hayauwezi. Spiriti ndiyo inayouyeyusha. Nunua chupa ya spiriti duka la dawa, pamoja na pamba. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani uone kama rangi ya nguo inatoka. Kisha tandaza taulo jeupe chakavu, lalisha shati doa likitazama chini, gonga-gonga kwa pamba yenye spiriti upande wa nyuma. Usisugue hata kidogo. Anzia ukingoni uelekee katikati, la sivyo unalitembeza doa.

Baada ya dakika moja inua shati: utakuta duara la buluu kwenye taulo. Hamishia sehemu safi, gonga tena. Duara la pili litakuwa jepesi kuliko la kwanza, la tatu jepesi zaidi. Mwenye haraka huacha taulo palepale, na wino ulioshuka unapanda tena. Kwa doa kama lako mimi natumia nusu saa. Likibaki kivuli, hapo ndipo sabuni ya mche na maji ya baridi. Pasi isiliguse mpaka doa liishe kabisa, kwa sababu joto linalichoma ndani ya uzi. Na spiriti inashika moto, kwa hiyo kaa mbali na jiko.

Peni za jeli ni habari nyingine. Nyingi rangi yake ni chembechembe zinazojichimbia kwenye nyuzi. Zinapungua tu, na mteja namwambia kabla sijapokea nguo.

Kijana wa Likoni
Nathibitisha. Mimi nilitumia sanitaiza kwenye suruali ya kaki, ile nzito ya jeli, na doa likatoka lote. Ila wino wa kupigia kura umenishinda. Tarehe 9 Agosti 2022 nilitoka kituoni kidole hakijakauka, nikamshikia mama mtandio wake mweupe. Spiriti, sabuni, ndimu, hakuna kitu. Kila nikianika juani doa linazidi kuwa jeusi.

Dobi wa Ilala
Ule una chumvi ya fedha, ndugu yangu, na mwanga ndio unaoukoleza. Kidoleni unaondoka ngozi na kucha zikikua. Mtandio hauoti ngozi mpya. Mimi hupeleka nguo kama hiyo kwa fundi atie ua la uzi juu ya doa.

Mjukuu wa mwalimu, Lamu
Shikamooni wakubwa. Babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Tuliandika kwenye ubao kwa wino wa masizi, ukishahifadhi unaosha kwa maji. Ubaoni uliondoka, ukidondokea kanzu haukuondoka, kwa sababu masizi ni kama unga wa makaa, hayayeyuki kwa kitu chochote. Kombe nalo, yaani aya za kumtibu mgonjwa, aliliandika kwenye sahani kwa zafarani, likaoshwa kwa marashi mgonjwa anywe. Wino ule umetengenezwa makusudi ili uoshwe. Ndiyo maana nasema ujue kwanza wino wako umetoka kwenye nini.

Mtunza faili
Upande wa karatasi, nawasihi sana. Wino mbichi ukimwagika, weka tishu juu, kandamiza, inua, badilisha. Ukishakauka, acha. Nilikuwa na hati ya mauziano ya shamba la marehemu baba, wino ukadondoka juu ya mipaka ya shamba. Nikapitisha kijiti cha pamba chenye jik. Wino ulipauka kweli, na nilifurahi, lakini maandishi ya baba yalipauka nayo. Baada ya miaka michache pale pamekuwa pa manjano na karatasi inakatika ukiikunja. Doa lingebaki, maneno yangesomeka. Cheti au hati yoyote yenye saini isitiwe dawa: hata ukisafisha kwa nia njema, itaonekana imechezewa.

Mgeni wa Tabora
Mimi nachanganya jik na ndimu, inang'arisha sana.

Dobi wa Ilala
Acha leo hii, tafadhali. Jik ikikutana na kitu kichachu, ndimu au siki, inatoa gesi ya klorini. Inachoma mapafu. Mwenzangu alitolewa bafuni akiwa hawezi kuvuta pumzi.

Mama wa Kihonda
Nimerudi. Nimegonga mara saba, taulo limechafuka lote na shati limekuwa jeupe, Mungu akubariki kaka. Limebaki kwenye mshono wa mfuko tu, mstari mwembamba wa buluu.

Dobi wa Ilala
Fumua mfuko. Wino unajificha chini ya mshono.

Mama wa Kihonda
Nimefumua. Ndani ya mkunjo kulikuwa na wino bado unanata. Umetoka kwa pamba mbili. Naushona mfuko sasa hivi, kesho anavaa.