Mrejesho: Tenisi ya Jumapili na washkaji wa viwango tofauti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hivi: tuko sita, mmoja kacheza tenisi tangu shule, wawili tunajua kiasi, watatu hawajawahi kushika raketi; tufanyeje asiboreke mtu? Wengi mkasema tucheze wawili wawili, mkali apangwe na asiyejua, na tutafute mipira yenye doa la kijani.

Mipira ndiyo iliyookoa jahazi. Mwendo wake ni pungufu kwa kama asilimia 25 kuliko ya kawaida na haidundi juu sana, basi hata shemeji akawa anaifikia. Wageni walianzisha kwa mkono wa chini, mtu kama anamwaga maji ya kuoshea vyombo, na sheria inaruhusu kabisa. Hesabu ya 15, 30, 40 tuliitupa. Tukahesabu moja hadi kumi na moja, kisha tunabadilishana wenza.

Tatizo likawa yule mkali. Nilimwomba apige taratibu, akapiga taratibu kweli, ila kila mpira anaudondosha hapo hapo karibu na wavu, dada wa watu anakimbia weee, haufikii! Tukamwamuru acheze kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo mchezo uliponoga. Alikosa mpira mwepesi kabisa mbele ya wavu, shemeji akakaa chini kwa kicheko.

Giza lilipoingia mipira miwili ilikuwa imepotelea kwenye michongoma. Jumapili ijayo tena. Shemeji ameshanunua raba.