Mathenge Baringo: ung'olewe wote, au utumiwe?

Mathenge (Prosopis juliflora), mti wa miba, uliletwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukaishia kufunga malisho ya nyasi kuzunguka ziwa. Katika kesi iliyofunguliwa 2006, Wailchamus, wafugaji wa huko, waliishtaki serikali kwa kuuleta mti huo, wakafikisha mahakamani mbuzi asiye na meno. Kuna wanaosema uchomwe mkaa na maganda yake ya mbegu yalishwe mifugo mpaka uishe. Wengine, ung'olewe tu. Wajuzi, semeni.

Sururu: "Mpaka uishe" ni ndoto ya mchana. Mchoma mkaa huchagua mashina manene, akakata usawa wa ardhi, basi. Mathenge huchipua kwenye shingo ya mzizi, chini ya udongo. Kata shina moja, baada ya miezi michache una kichaka cha vijiti vya miba ambavyo hata mbuzi hapenyi, na mchoma mkaa mwenyewe havitaki tena. Anayetaka ufe achimbe sentimita 30, akate mzizi hapo. Pasipochimbika, apake triklopiri (dawa ya kuua miti na magugu) iliyochanganywa na dizeli mara tu baada ya kukata, hasa kwenye mzingo, pale gome linapokutana na mti.

Malisho Kwanza: Ndugu, sururu ngapi zitamaliza msitu ule? Tena unang'oa huku mbegu zinapandwa. Mbuzi akila ganda zima, mbegu hupita tumboni salama na kutoka na mbolea yake. Dawa ni kusaga, maana mashine huvunja mbegu. Yaanike maganda hadi yakatike kwa mlio; yakiwa na unyevu, sukari hugeuka gundi na kuziba chekeche. Katika lishe yasizidi robo. Sukari hiyohiyo ndiyo iliyomwozesha meno mbuzi wa mahakamani.

Sururu: Kusaga sina ubishi. Ila ganda likishakuwa na bei, nani atang'oa mti wake?

Mbawakawa: Afrika Kusini walimleta Algarobius prosopis mwaka 1987, mdudu anayekula mbegu ndani ya ganda. Kasoro: mifugo huyawahi maganda kabla yake.

Malisho Kwanza: Basi tugawe maeneo. Miche inayoanza kuvamia nyasi ing'olewe kabla haijazaa. Kwenye kichaka kizito punguza, bakiza shina moja kila mita 5, pogoa matawi ya chini ili jua lifike ardhini. Kabla ya mvua chimba mifereji ya kukinga maji, panda nyasi za malisho, Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba. Mifugo isikanyage msimu wa kwanza, la sivyo umelisha mbuzi mbegu za bei.

Sururu: Kandokando ya mto usibakize hata mmoja, mafuriko hubeba maganda hadi malisho ya chini. Na mifugo iliyotoka kwenye mathenge ifungwe wiki nzima kabla ya kuingia malisho safi.

Malisho Kwanza: Wakati wa kiangazi? Hiyo lishe ya wiki nzima analipa nani?