Paa la nyota kama la Louvre Abu Dhabi: tabaka moja linatosha?

Fundi_Ramani: Wakuu, nachora makumbusho madogo yenye ua wa mita 12 kwa 12, paa mita 4 juu. Nataka mwanga uchujike kama chini ya kuba la makumbusho ya Louvre Abu Dhabi, kazi ya msanifu majengo Jean Nouvel. Bati moja la alumini lililokatwa nyota litatosha? Au nifuate vile vidirisha vya jengo la Institut du Monde Arabe, Paris, vinavyojifunga vyenyewe?

Kivuli: Moja halitoshi, mkuu. Litachapa nyota zilezile sakafuni kutwa, na penye tundu jua litachoma. Kuba la Abu Dhabi lina kipenyo cha mita 180 na matabaka 8: manne ya nje ya chuma kisichoshika kutu, manne ya ndani ya alumini, katikati fremu ya mita 5. Nyota ni 7,850. Mchoro ni mmoja, ila umekuzwa, umepunguzwa na kuzungushwa. Mwale lazima upenye yote manane, ndiyo maana doa la mwanga huchomoza, likakaa kidogo, likazimika. Ni kama kukaa chini ya makuti ya mtende, na Nouvel alianzia hapohapo. Kwa ua wako anza na matatu.

Pima_Kwanza: Angalia na kimo. Jua lina upana wa nusu digrii angani, kwa hiyo kila mita 1 ya kushuka, ukingo wa doa hufifia kwa takriban sentimita 1. Mita 4 ni sentimita 4 tu. Tundu la sentimita 20 litatoa nyota yenye kingo kali. La sentimita 3 litatoa kiduara laini. Kata mfano wa kadibodi, kwa skeli ya 1 kwa 20, uutoe juani. Usitumie balbu: iko karibu mno, miale yake hutawanyika, itakudanganya.

Kivuli: Ya Paris, Institut du Monde Arabe ya 1987, ina paneli 240 upande wa kusini, zinaendeshwa na mota na vihisi vya mwanga. Ni nzuri mno, lakini vidirisha vingi vilikwama miaka mingi. Mashrabia ya mbao, yaani kiwambo cha dirisha chenye nakshi za matundu, haina cha kukwama. Baki na isiyosogea.

Hifadhi_Vitu: Chochote utakachochora, usiweke nguo wala karatasi za maonyesho chini ya paa hilo la matundu, maana mwisho wa mwanga zinaoustahimili ni lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Abu Dhabi vyumba vya maonyesho vina kuta na mapaa yake, kuba linafunika juu tu. Mvua nayo itapita, basi sakafu iwe na mteremko wa 1 kwa 100 kuelekea mfereji. Ukiwa karibu na bahari, tenga alumini na bolti za chuma kwa washa za nailoni, la sivyo chumvi itaila alumini kuzunguka kila tundu la bolti.