Naomba ushauri: kuanzisha jarida la kitaaluma la fikra na sheria za Kisikh

Mwambao: Wakuu, habari zenu. Tuko wanne hapa Uingereza, wanasheria wawili na wahadhiri wawili wa masomo ya dini. Tunataka jarida la fikra na sheria za Kisikh, matoleo mawili kwa mwaka, lisomwe bure mtandaoni. Tovuti inakaribia kukamilika, makala tunazo tatu, na tungependa kutangaza mwezi ujao. Tuanzie wapi?

Tanbihi: Mkuu, ahirisheni tangazo. Toleo la kwanza hujazwa na marafiki. La pili ndilo huua jarida. Matoleo mawili ya makala tano tano yanadai makala kumi zilizopita mapitio, na kwa kuwa nyingine zitakataliwa, kusanyeni kama ishirini kwanza. Hiyo kumi ina kazi nyingine: DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, hawalipokei jarida jipya mpaka litimize zaidi ya mwaka mmoja au lichapishe makala 10 za utafiti, na wanataka zisipungue 5 kila mwaka. Scopus, hifadhidata kubwa ya majarida ya kitaaluma, wanataka historia ya miaka 2.

ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, mtapata bure British Library. Nakala ya karatasi na ya mtandaoni hupewa namba tofauti. DOI, kitambulisho cha kudumu cha kila makala mtandaoni, ni kupitia shirika la Crossref: ada ya uanachama kila mwaka, kisha dola 1 kwa kila makala mpya. Programu ya OJS ya kuendeshea jarida ni ya bure, ila teueni mtu wa kuisasisha. Ikiachwa bila masasisho, wadukuzi huingia.

Mwambao: Asante sana. Kuhusu wahakiki, tumepanga wawili kwa kila makala, majina yafichwe pande zote.

Wakili wa Zamu: Wawili wanatosha, mradi mmoja awe wa sheria na mwingine awe anasoma Gurmukhi, maandishi ya vitabu vya Kisikh. Wanasheria wawili watapitisha nukuu ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, iliyotafsiriwa vibaya bila kushtuka. Uwanja huu ni mdogo, mhakiki humtambua mwandishi kwa tanbihi zake tu, kwa hiyo kila mhakiki ajaze fomu ya maslahi, ikiwemo kukaa kamati moja ya gurdwara (hekalu la Kisikh) na mwandishi.

Sasa mipaka ya jarida. Msipoiandika, mtaletewa makala za kesi za kilemba na kirpan (kisu cha kidini) mwaka mzima: Mandla v Dowell Lee ya 1983 hapo Uingereza, Multani ya 2006 Kanada. Ni kesi kubwa, lakini zinahusu dola inavyowatazama Wasikh. Tengeni nafasi kwa kanuni zao wenyewe, yaani Sikh Rehat Maryada ya 1945 (mwongozo wa maisha ya Kisikh) na mamlaka ya Akal Takht, kiti chao kikuu cha mamlaka ya dini, na kwa Sheria ya Gurdwara ya 1925 kule Punjab. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2000 iliamua kwamba Guru Granth Sahib ni mtu kisheria, aweza kumiliki mali. Toleo zima laweza kukaa juu ya hukumu hiyo moja, maana fikra na sheria hapo hazitenganishiki.

Ndoa pia. India ilikuwa na Anand Marriage Act, sheria ya ndoa za Kisikh, tangu 1909, kisha sheria ya ndoa za Kihindu ya 1955 ikawajumuisha Wasikh. Kenya nayo ilifanya hivyo hivyo katika sheria yake ya 1960. Familia nyingi za Kisikh huko mliko zilitokea Afrika Mashariki. Tafuteni mwandishi wa mada hiyo.

Herufi: Naongeza la maandishi, maana ndilo huharibu kazi nzuri. Waandishi wengi bado hutumia fonti za zamani kama AnmolLipi. Humo «siq nwmu» huonekana ਸਤਿ ਨਾਮੁ, lakini kompyuta isiyo na fonti hiyo inaonyesha siq nwmu hivyo hivyo, na hakuna atakayeipata akitafuta. Daini Unicode, mfumo wa herufi unaosomeka kwenye kompyuta zote, kwenye mwongozo wa waandishi. Msibadilishe herufi kwa herufi: fonti ya zamani huandika alama ya «i» kabla ya konsonanti, Unicode huiweka baada yake, kwa hiyo ਸਤਿ inageuka ਸਿਤ. Tumieni kigeuzi kinachojua mpangilio huo, kisha msomaji wa Gurmukhi apitie kila nukuu.

Nukuu za Guru Granth Sahib zitajwe kwa namba ya ang (ukurasa) kati ya 1 na 1430. Kila chapa sanifu inafanana. Toeni HTML sambamba na PDF, kwa sababu PDF huvuruga Gurmukhi ukinakili hata kama fonti ni sahihi.