Kusoma PDF za kiufundi kwenye E Ink (vioo vya wino wa kielektroniki kama cha Kindle), kioo cha inchi ngapi kinatosha?

saketi_fupi:
Wakuu habari za jioni. Mi ni mtu wa elektroniki, kila siku nipo na datashiti (maelezo ya kiufundi) za maikrokontrola, zile chipu za kuprogramu, na zile pepa za utafiti za safu mbili, zote PDF, zote A4. Laptopu inanimaliza macho, ikifika saa nne usiku herufi zinacheza. Nina Kindle ya inchi 6, kwa riwaya sina neno nayo, ila nikiiwekea pepa ni vituko, herufi hazionekani, nikikuza inabidi niburuze kulia kushoto kila mstari na kioo chenyewe kinavuta miguu balaa. Shida ni kifaa, ni setingi, au hizi ngoma hazikutengenezwa kwa kazi hii? Na kama ni kununua kubwa basi inchi ngapi, maana sina hela ya kuchezea.

mzee_wa_rula:
Mkuu pima kwanza. A4 ina upana wa milimita 210, kioo cha inchi 6 (zinapimwa kona kwa kona) kina upana wa kama 91 tu, kwahiyo ukurasa mzima unabanwa mpaka asilimia 43, herufi ya pointi 10 inabaki pointi 4 na kitu. Nani atasoma hiyo? PDF ni ukurasa ulioganda, kila herufi ina pahala pake, haijipangi upya kama EPUB, lile faili la vitabu vya kielektroniki.
Inchi 10.3 ina upana wa karibu 157, hapo ni asilimia 75, ukikata pambizo unapata zaidi. Inchi 13.3 ni karibu A4 yenyewe ila bei yake we acha tu. Na usibabaishwe na mambo ya hii ina pikseli 300 kwa inchi ile ina 227, kwa A4 upana ndo unaongea kwanza.

dada_terminal:
Hesabu za mzee ziko sawa kwa ukurasa mzima, ila nani kakwambia usome ukurasa mzima? Pepa zile za IEEE (chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki) safu moja ina upana wa inchi 3.5, yaani milimita 89. Kioo chako ni 91. Umeona hapo? Ukisoma safu kwa safu herufi zinatoka kwa ukubwa wake halisi kwenye hiyo hiyo Kindle uliyonayo, bila kununua kitu.
Kinachotakiwa ni programu inayojua kushuka safu ya kushoto mpaka chini afu ipande ya kulia. KOReader inafanya hiyo, ni ya bure, kwenye Kobo (visomeo kama Kindle ila vya kampuni nyingine) unaiweka kwa waya wa USB tu na imeisha, kwenye vifaa vya Android kama Boox unaweka APK (faili la kuinstolia programu), ila kwenye Kindle lazima uivunje kufuli kwanza na hiyo inategemea toleo la mfumo ulilonalo. Hutaki usumbufu huo? Tumia programu ya k2pdfopt kwenye laptopu, inaikata PDF vipande inavipanga upya kwa saizi ya kioo chako, hata zilizoskaniwa inazimudu. Majedwali ndo inayaharibu, na milinganyo iliyo katikati ya sentensi muda mwingine inakatika vibaya.
Kingine, kama pepa ipo arXiv (tovuti ya bure ya pepa za utafiti), tangu Desemba 2023 nyingi mpya zina toleo la HTML, na nyingi unaweza kudaunlodi chanzo chake cha LaTeX (faili la maandishi ambalo PDF inatengenezwa kutoka humo) ukabadili iwe safu moja kwenye karatasi ndogo. Ikikubali kukompaili hakuna kinachoifikia hiyo njia.

bwana_rejista:
Mbona wote mmeruka datashiti? Ile haisomwi, ile inasachiwa. Manyuo ya maikrokontrola ya STM32F407 ina kurasa zaidi ya 1,700, uko kwenye rejista ya taima unaruka kwenye saa unaruka kwenye pini unarudi, sasa fanya hivyo kwenye E Ink uone, kila ukiruka kioo kinamemeka na mabaki ya ukurasa uliopita yamebaki kama kivuli. Hata uwe na ya inchi 13.3 bado. Datashiti iache laptopu, zile kurasa chache unazorudia kila siku chapa kwenye karatasi ubandike ukutani.

saketi_fupi:
Dada_terminal sijawahi kuwaza hiyo ya safu moja, nimejaribu k2pdfopt sasa hivi kwenye pepa mbili, moja imetoka safi kabisa, nyingine jedwali limesambaratika ila maandishi yanasomeka. Ya kununua naisogeza mbele. Kuna jamaa ananiuzia Kindle DX ya mtumba, ile ya inchi 9.7, bei ya kutupa, mnasemaje?

mzee_wa_rula:
DX ni ya 2009 mkuu. Haina taa, haina tachi, ni vitufe tu, na pikseli ni 150 kwa inchi kwahiyo vile vinamba vidogo vya chini ya herufi kwenye fomula vitakutesa. Betri nayo sidhani kama imepona. Mwachie jamaa.

dada_terminal:
Kwa ile pepa ya jedwali weka -mode 2col kwenye k2pdfopt, inakata safu bila kupangua maneno.