Mashetani wawili kwenye bao la babu: tuchome popote, tuchome tulipotoka, au turushe moto?

KijanaWaLangoni
Salam aleikum wenzangu. Nina bao la marehemu babu. Mashimo yote 32 yapo, lakini kete zimebaki 47 kati ya 64. Wapwa zangu wawili wamekuja Amu (Lamu) kwa likizo ya Agosti, na bao la kiswahili limewashinda. Tukifika kwenye takasia, ile kanuni ya kumzuia mwenzako asiteze shimo fulani, wananitazama kama nawatapeli. Basi nimewatungia mchezo mwingine juu ya bao hilo hilo: mashetani wawili wanagombea mji. Shetani mmoja ni kete niliyoipaka chokaa, wa pili ni kete ya kawaida niliyoifunga uzi. Zamu yako ikifika unamsogeza shetani wako shimo moja, upande wowote, hata mshazari. Kisha unachoma shimo moja kwa kutia kete ndani yake. Shimo lenye kete halikanyagwi tena. Asiye na pa kwenda amefungwa.

Ugomvi uko kwenye kuchoma. Kanuni ziko tatu na kila mtu nyumbani ana yake:

Choma popote: unatia kete shimo lolote lililo wazi, hata la mbali.
Choma ulipotoka: shimo uliloacha nyuma ndilo linaloungua, basi.
Rusha moto: unachoma kwa mstari ulionyooka kuanzia aliposimama shetani wako, na moto haupiti juu ya shimo lililoungua wala juu ya shetani mwenzako.

Mpwa mkubwa anataka ya kwanza, mdogo anataka ya pili, mimi naipenda ya tatu. Nyinyi mnasemaje?

DamaKingi
Kaka, achana na bao. Chukua ubao wa dama, miraba 64, vizibo vya soda viko kila duka. Bao ni jembamba, safu 4 tu. Hesabu mwenyewe: kwenye mashimo 32, yenye majirani 8 ni 12 peke yake, yale ya katikati. Mengine 16 yana majirani 5, na pembe 4 zina majirani 3. Kwenye dama miraba ya ndani ni 36. Huko ndiko kuna nafasi ya kukimbizana. Kwenye bao shetani akizaliwa tu ameshabanwa ukutani.

AmiWaMkunguni
Mwanangu, bao si la mashetani. Mimi nateza bao pale mbele ya Ngome tangu sijaota ndevu, na sijaona mtu akitia shetani kwenye shimo. Wafunze watoto bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, hakuna kunamua, yaani kutia kete za mkononi, mwaanza mtaji, kuteza kwa kete zilizo baoni, moya kwa moya. Wakizoea, wape la kiswahili lenyewe, kete 6 nyumbani, lile shimo la mraba, 2 na 2 pembeni yake kuliani, na 22 mkononi. Hizi kete 17 zilizopotea hazikuzuii. Komwe ni mbegu, tembea ufuoni utaokota.

KijanaWaLangoni
Shikamoo ami. Bao la kujifunza nimejaribu, hilo la mbili mbili linataka kete zote 64, na nilipojazia kwa vijiwe wakaanza kugombania nani ana kijiwe na nani ana komwe. Huu mchezo wangu, hata mji uungue wote, hauli zaidi ya kete 32. Ndiyo sababu nimeukimbilia. @DamaKingi, dama tumeteza siku moja hapo barazani, kusi ikavuma, vizibo vikaenda hadi kwa jirani. Kete ndani ya shimo haitoki.

MwalimuWaHesabu
Niko Malindi, nafundisha hisabati, na hii mada imenitoa kwenye kusahihisha mitihani. Kanuni zako mbili zina ndugu zao duniani. Choma popote iko kwenye mchezo wa Isola, alioutunga Bernd Kienitz, ukatoka mwaka 1972, ubao wa 6 kwa 8. Rusha moto iko kwenye Amazons, wa Walter Zamkauskas wa Argentina, mwaka 1988. Ubao wake ni 10 kwa 10, kila mtu ana vipande 4, na kila kipande hutembea kama malkia wa sataranji kisha kinapiga mshale kwa mwendo huo huo. Wewe umechukua mshale wake ukauweka mkononi mwa shetani mwenye hatua moja. Si vibaya.

Tofauti kubwa ya hizi kanuni huioni mwanzoni. Ngoja mji ugawanyike, yaani mashetani watenganishwe na ukuta wa mashimo yaliyoungua. Hapo:

Ukiwa unarusha moto, vita vimekwisha. Moto wangu haukufikii wala wako haunifikii. Kila mtu anabaki kuhesabu hatua zilizobaki kwake, na mwenye nyingi anashinda. Ulipotoka ni vivyo hivyo, mnahesabu matembezi.

Ukiwa unachoma popote, ukuta haukukingi hata kidogo. Mimi niko upande wa pili na bado nachoma mlangoni kwako.

Ndiyo maana wakubwa wanaipenda ya kwanza. Kulikuwa na mwanahisabati Mwingereza, John Conway, aliyekuwa na fumbo la malaika na shetani. Ubao hauna mwisho. Shetani hatembei, kazi yake kuchoma mraba mmoja kila zamu, popote. Malaika anaruka. Malaika mwenye hatua moja, kama hawa mashetani wenu, hukamatwa, hata uwanja uwe hauna mpaka. Lakini je, mwenye nguvu zaidi? Conway aliahidi dola 100 kwa atakayethibitisha kuwa malaika mwenye nguvu za kutosha huponyoka, na 1,000 kwa atakayethibitisha kuwa shetani humkamata malaika yeyote. Jibu lilipatikana mwaka 2006: malaika wa nguvu 2 tu, yaani anayeruka hadi miraba miwili kwa zamu, hakamatiki. Kwa bao la babu yako maana yake ni kwamba kwa choma popote hakuna atakayekimbia milele. Kinachogombewa ni nani akwame wa kwanza. Na sare haipo, kwa sababu kila zamu shimo moja linapungua.

MamaWawili_Shela
Mwalimu amesema kwa nadharia, mimi naongea kwa niliyoyaona jana usiku. Nilimsoma huyu kijana nikachukua bao la mume wangu, nikateza na mwanangu wa darasa la sita. Choma popote. Mimi nilikuwa pembeni kushoto, nyuma yangu nina mashimo matano mazuri kabisa. Yeye amebaki na matatu. Nikajisemea huyu nimemmaliza. Kumbe kutoka pale niliposimama kwenda kwenye yale matano kulikuwa na shimo moja tu la kupitia, nalo ni mojawapo ya hayo matano. Akasogea, akanyosha mkono, akatia kete pale. Tii! Nina mashimo manne matupu nyuma na sina mguu wa kuyafikia. Amecheka mpaka babake akaamka.

Kwa hiyo kwa mkubwa na mkubwa, choma popote. Lakini mwanangu mdogo wa miaka sita alilia mara mbili kwa kanuni hiyo hiyo, maana mtoto mdogo haelewi kwa nini kitu kilichokuwa mbali naye kimemuua. Kwake ni ulipotoka. Anaona mwenyewe njia yake inaungua nyuma yake, na mchezo unakwisha chai haijapoa.

Halafu jina. Mama mkwe amepita akauliza tunateza nini, mtoto akajibu kwa sauti "mashetani". Nilitamani ardhi inimeze. Badilisheni.

DamaKingi
Hahaha. Waiteni majini basi.

MamaWawili_Shela
Majini ndiyo umeharibu zaidi!

AmiWaMkunguni
Kama ni lazima, wapeni majina ya huku kwetu. Mmoya awe kitunusi, atokaye mayini kuwatisha wavuvi. Wa pili awe milhoi, yule wa bara mwenye kwato ya punda. Hao ni wa hadithi, hata bibi zetu walitutishia nao tukikataa kulala. Wa mayini na wa bara kugombea mji, hilo lina maana. Shetani na shetani wagombee nini, wote kazi yao moya.

Na nimefikiri jambo. Bao lina nyumba, lile shimo la mraba. Kuliacha liungue kama mashimo mengine ni kuliaibisha. Semeni nyumba haiungui.

KijanaWaLangoni
Ami, umemaliza! Kitunusi na milhoi. Na nyumba haiungui, hiyo naipenda zaidi ya yote. Mtu akibanwa anakimbilia nyumbani.

MwalimuWaHesabu
Subirini kidogo kwenye nyumba. Nimechora hapa. Nyumba ya kila mchezaji ni shimo la tano kutoka kushoto kwake, safu ya mbele. Mmekaa mkielekeana, kwa hiyo la tano lako liko mkabala na la nne lake, na la tano lake mkabala na la nne lako. Nyumba mbili zimegusana kwa mshazari. Zote mbili zisipoungua, kitunusi anaweza kutoka nyumbani kwake kwenda kwa milhoi, kurudi, kwenda, kurudi, mpaka adhana ya alfajiri, na mji wote umeshaungua. Kile nilichosema kwamba sare haipo, mmekivunja.

AmiWaMkunguni
Kweli. Mwalimu ana mato.

KijanaWaLangoni
Je, tukisema usiingie nyumba ya mwenzako?

MwalimuWaHesabu
Hapo sawa. Ukiwa kwenye nyumba yako ni lazima utoke, kwa sababu zamu ni ya kutembea, huwezi kukaa. Majirani wote wa nyumba wakishaungua, umefungwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Haiungui lakini haikuokoi. Halafu msianzie kwenye nyumba. Mkianzia hapo mmeshagusana kabla ya zamu ya kwanza, na anayeanza ana faida ya kumchomea mwenzake. Anzieni safu ya nyuma, shimo lililo nyuma ya nyumba. Kuna safu mbili katikati yenu.

MamaWawili_Shela
Na anayeanza? Wangu wanapigana kila mara.

DamaKingi
Ficha kete mkononi, mwenzako achague. Kama dama.

Mimi bado nasema 8 kwa 8, hata bila nyumba. Nimeteza jana na rafiki yangu, choma popote, ubao wa dama. Ukweli ni kwamba nusu ya kwanza tulikuwa tunachoma bila kujua tunachoma nini. Utamu ulianza vizibo vilipofika thelathini hivi.

MamaWawili_Shela
Yaani utamu umeanza pale ubao wako ulipobaki ukubwa wa bao :)

DamaKingi
...

KijanaWaLangoni
Narudisha majibu. Tumeteza michezo saba leo tangu alasiri, barazani, upepo mkali na hakuna kete iliyotoka shimoni. Kwa mpwa mkubwa na mimi: choma popote, nyumba haiungui, hakuna kuingia nyumba ya mwenzako, tunaanzia safu ya nyuma. Kwa mdogo: ulipotoka, bila habari ya nyumba, maana nyumba ilimchanganya akawa anarudi tu pale pale.

Rusha moto, niliyokuwa naipigania, imekufa yenyewe. Bao lina safu 4, moto ukirushwa kwa wima unagota baada ya mashimo mawili au matatu, na ukirushwa kwa mlalo unazibwa na kete ya kwanza iliyoko njiani. Mara tatu mji uligawanyika mapema tukabaki kuhesabu kama makarani. @DamaKingi, kama utaijaribu, ubao wako wa dama ndio mahali pake, kule moto una njia.

Kitu kimoja sikukitarajia. Nyumba inaua zaidi kuliko inavyookoa. Mtoto akibanwa anakimbilia kule, anaona yuko salama, na mwenzake anatia kete kwa utulivu kuzunguka, moja, moja, moja. Mpwa mkubwa ameshaelewa, sasa anasubiri niingie nyumbani ndipo aanze kutabasamu.

AmiWaMkunguni
Hata kwenye bao lenyewe nyumba ni hivyo hivyo. Ukiing'ang'ania sana yakutoa roho. Niletee huyo mpwa mkubwa Mkunguni kesho baada ya alasiri. Huyo yuko tayari kwa namua.

KijanaWaLangoni
Inshallah ami, tutakuya. Ila utamtambua kwa kete. Chokaa ilibanduka, sasa kitunusi amepakwa rangi ya kucha ya mamake, nyekundu, na mamake bado hajajua.