Mikutano ya AA Mombasa: nimpelekeje kaka mara ya kwanza?

Dada_Kisauni
Hamjambo nyote. Kaka yangu ana miaka 38 na hunywa kila siku, mnazi mchana, usiku vile vichupa vya bei rahisi. Amesema mwenyewe anataka kuacha na yuko radhi kwenda AA, vile vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Tuko Mombasa. Mikutano inapatikana vipi, inalipiwa? Sisi ni Waislamu, na nasikia mingi hufanyiwa kanisani. Nami naweza kuingia naye?

Nesi_Zamu
Dada, kabla ya hayo: akiamka hutetemeka mpaka atoe loki, yaani anywe tena ndipo atulie? Kama ndiyo, asiache ghafla akiwa nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa, jasho na kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Siku ya 2 hadi ya 4 mtu anaweza kuwehuka, akaona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda. Hiyo huua. Hospitali watampa dawa za kutuliza ambazo kipimo chake hupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Tafadhali msimnunulie vidonge vya usingizi vya kujikisia, kwa sababu vikikutana na pombe mwilini vinaweza kumkata pumzi. Kikundi hakitibu arosto, hayo mateso ya mwili ukikosa pombe. Akishamwona daktari, basi mikutano aianze hata kesho yake.

Mpanga_Viti
Nesi kasema kweli, zingatia hilo kwanza.

Kupata kikundi: piga 1192, laini isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uwaulize vilivyo karibu. Pia uliza kitengo cha afya ya akili hospitalini au kituo chochote cha rehabu, kwa sababu wao ndio huwaelekeza wagonjwa wanaotoka. Orodha za intaneti usizitegemee peke yake. Vikundi huhama chumba au hubadili siku, na ukurasa hubaki ule ule wa zamani. Mtu akifika akute mlango umefungwa, mara nyingi harudi tena, na njia ya kurudi nyumbani inapita mbele ya mangwe, kilabu cha mnazi. Kwa hiyo piga simu siku hiyo hiyo, uulize: leo upo? Ni wa wazi au wa wenyewe tu? Wanazungumza lugha gani? Tunaingilia mlango upi?

Wa wazi unaweza kuingia naye. Wa wenyewe ni wa anayetaka kuacha pombe tu, na hilo ndilo sharti pekee la uanachama. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na mgeni akikipisha tu hakuna anayemtazama vibaya.

Mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu. Akitaka anasema "leo nasikiliza", na zamu inapita. Akija amekunywa kwa kawaida hafukuzwi, ataombwa asiseme. Na asikimbie ukiisha! Zile dakika 15 za kukunja viti ndipo watu hupeana namba, na namba hizo ndizo atakazopiga usiku kiu ikimshika. Mtu wa kumshika mkono katika zile hatua 12 za AA za kuacha pombe, sponsa, naye hupatikana hapo hapo. Mwanamume achague mwanamume.

Kuhusu saa: kwa sheria ya vileo ya 2010 baa hufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi. Mtafutieni mkutano wa saa hiyo hiyo, ndiyo inayomvuta zaidi. Asihukumu kwa mkutano mmoja, aende hata sita, vikundi viwili tofauti.

Mlango_wa_Papa
Kuhusu dini: chumba hukodiwa tu. AA ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, na haifungamani na dini wala dhehebu lolote. Hatua zinamtaja Mungu kadiri kila mtu anavyomwelewa. Mwanzoni au mwishoni huwa na dua fupi, anaweza kunyamaza. La kupanga hasa ni swala ya Magharibi, maana mkutano wa saa 11 na nusu utaingiliana nayo. Akae karibu na mlango, amwambie mwenyekiti mapema, atoke aswali, arudi.

Tanga_Bandarini
Hiyo loki huku tunaiita kuzimua. Nyongeza: akiingizwa kwenye kundi la WhatsApp, namba na picha yake vitaonekana na wote. Abadilishe picha na jina kabla, si baada. Siku ambazo hakuna mkutano karibu, ipo ya mtandaoni. Azime video, bando litadumu. Nawe dada, usimsemee mkutanoni. Al-Anon ni kwa ajili ya jamaa za wanywaji, ipo tangu 1951, itafute kwa ajili yako.

Dada_Kisauni
Ahsanteni sana. Kesho asubuhi tunaenda hospitali. Swali moja tu: askari wa getini akiuliza tunakwenda wapi? Kaka anaogopa kutamka "AA" mbele ya watu.

Mpanga_Viti
Aseme "mkutano wa saa 11 na nusu, chumba fulani". Ukipiga simu, uliza jina la chumba kama askari anavyolijua. Au umwombe huyo wa simu awapokee getini dakika 10 kabla.